Njia Moja Kati ya Nyingi: Rali ya Mezani Katikati ya Wales

Treni ya kutoka Shrewsbury kwenda Swansea kupitia katikati ya Wales ina mabehewa machache, na kwa siku hupita mara chache tu. Vituo vyake vingi ni vya ombi: anayetaka kushuka humwarifu kondakta mapema, na anayetaka kupanda husimama mahali pa kuonekana akampungia dereva mkono, kama tunavyosimamisha daladala njiani. Nje ya dirisha kulikuwa na vilima vya kijani vilivyogawanywa kwa kuta za mawe na ua wa miti, kondoo kila upande, na mito midogo inayojitokeza na kupotea. Magotini nilikuwa nimekunjua karatasi namba 147 ya Ordnance Survey, na kidole changu kilikuwa kikisubiri treni iingie ndani ya mipaka yake.

Ordnance Survey ni taasisi ya ramani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1791, enzi ambazo jeshi lilihofia Wafaransa wangevuka bahari na kutua pwani ya kusini. Hofu ikapita, kazi ikabaki. Leo karatasi 204 za mfululizo wa Landranger, zenye jalada la waridi, zinafunika England, Scotland na Wales yote kwa skeli ya 1:50,000. Sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, na karatasi moja ni mraba wa kilomita 40 kwa 40. Namba 147 ina bonde la Elan pamoja na mji wa Builth Wells. Ndani ya mraba huo ndimo ilimokuwa rali niliyoifuata kutoka mbali.

Binamu yangu alinipokea kituoni Llandrindod Wells. Ni muuguzi katika sehemu hizo, na kwa miaka kadhaa sasa yeye ni mwelekezi wa rali, yaani yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia.

"Shikamoo kaka! Pole na safari. Miwani ya kusomea umekuja nayo?"

"Marahaba dada. Ninayo."

"Basi vizuri. Leo utaizunguka Wales nzima bila kuinuka kwenye kiti."

Rali ya mezani ndivyo ilivyo. Washindani hukaa mbele ya ramani, wakapewa vitendawili vya njia, na kila kitendawili kikifumbuliwa sawasawa hutoa barabara moja, na ni hiyo tu. Wanaifuata kwa penseli kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wanajibu maswali ambayo aliyepita njia sahihi peke yake ndiye anayeweza kuyajibu: umepita namba zipi za urefu, umevuka mto mara ngapi, kanisa la mwisho kabla ya mwisho wa safari lina mnara wa aina gani. Mwenye alama chache za adhabu ndiye mshindi.

Mchezo huu ni mtoto wa rali za usiku. Kwa sheria za Uingereza, kanuni za mwaka 1969 zinataka mashindano ya magari kwenye barabara za umma yapate kibali, isipokuwa yale madogo yasiyozidi magari 12. Ndiyo maana klabu ndogo za vijijini huandaa rali za magari 12. Mwelekezi hupewa vitendawili palepale anapoanzia, naye anatakiwa kuvifumbua gari likiwa linakwenda. Mwendo wa wastani hauruhusiwi kupita maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi, na anayefika mapema mno huadhibiwa sawa na anayechelewa. Kwa hiyo kinachopimwa ni akili ya mwelekezi na utulivu wa dereva. Meza huondoa injini, mafuta, barafu na giza, ikabakiza akili ile. Wengi hujifunzia hapo kabla ya kuingia garini, na wako wanaobaki mezani maisha yao yote kwa sababu hapo ndipo penye utamu wanaoutafuta. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipowafungia watu majumbani, rali za mezani zilizotumwa kwa barua pepe ziliziweka klabu nyingi hai.

Ukumbi wa kijiji tulioingia ulikuwa na meza ndefu, birika kubwa la chai, sahani za keki na taa ndogo za kusomea zilizofungwa kwenye kingo za meza. Walikuwepo vijana wa mashambani wenye mikono ya kazi, mama mmoja aliyekuja na binti yake wa shule, na wazee waliojua kila kona ya karatasi ile. Aliyetunga maswali alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya kilimo. Binamu alimpa mkono kwa heshima, akanong'ona, "Mzee huyu hatungi swali lenye majibu mawili. Ukiona mawili, soma tena."

Vifaa vyenyewe ni vichache: penseli laini, kifutio kizuri, rula, na kipande cha plastiki angavu chenye kona iliyochorwa vipimo, cha kugawia mraba wa gridi katika sehemu kumi kumi. Kuna pia lenzi nene yenye taa ndani. Ukiiweka juu ya ramani, kipande cha nchi kinainuka mbele ya macho yako. Kwa lenzi hiyo niliona vitu ambavyo nilikuwa nimevipita kwenye treni bila kuvitambua.

Barabara kuu za kitaifa ni za kijani, zinazofuata nyekundu, kisha za rangi ya chungwa, kisha za njano. Nyeupe ni njia za mashambani na vichochoro vya kuingilia majumbani. Barabara ya njano iliyochorwa nene huwa na upana unaozidi mita 4. Nyembamba haifiki hapo. Kingo zake zikiwa na mstari mzima, ina ua au ukuta pembeni. Zikiwa za vidotidoti, haina kizuizi chochote, na mifugo iko huru. Mshale mmoja juu ya barabara ni mteremko wa asilimia 14 hadi 20; mishale miwili ni asilimia 20 na kuzidi. Nyumba ya ibada yenye mnara wa mraba ina alama yake, yenye mnara uliochongoka au kuba ina alama nyingine, na isiyo na chochote kati ya hivyo ni msalaba mtupu. Namba ndogo nyeusi kando ya barabara ni urefu wa mahali hapo kwa mita kutoka usawa wa bahari. Pembetatu yenye nukta katikati ni nguzo ya wapimaji, tunayoiita bikoni.

Mtunzi wa rali hucheza na alama hizi zote. Kitendawili chepesi hutoa marejeo ya gridi, namba sita za kukupeleka mahali fulani na herufi za dira zinazosema uingie kutoka upande gani na utoke upande gani. Kingine huorodhesha namba za urefu. Kingine huchora njia panda moja moja: kidoa ni unakotoka, mshale ni unakokwenda. Michoro hiyo inabeba jina la Tulip, rali ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1949, na hadi leo rali nyingi duniani huitumia. Mtunzi mkali huondoa vidoa, huigeuza michoro kichwa chini, au huipanga bila mfuatano ili mwelekezi aurudishe mfuatano mwenyewe.

Swali lililonikamata lilikuwa la mstari mmoja. Lilitaka utoke kwenye barabara kuu ya A483 ufike Abergwesyn kwa barabara ya njano, huku mistari ya gridi ya kusimama unayoikata ikiwa mingi kuliko ile ya kulala. Abergwesyn ni kijiji kidogo sana, nyumba chache penye mkutano wa mito na barabara. Ukitoka A483 unaweza kukifikia kwa njia mbili za njano. Moja inaanzia Llanwrtyd Wells na kupanda sambamba na mto Irfon. Nyingine inaanzia Beulah, kijiji kilicho mashariki, na kukatiza vilima kuelekea magharibi.

Jicho la haraka humpeleka mtu Llanwrtyd. Ni mji, una kituo cha treni, na bonde la Irfon limechorwa wazi kiasi kwamba barabara inaonekana kukualika. Lakini njia hiyo inapanda kaskazini, ikikata mistari ya kulala mmoja baada ya mwingine: 47, 48, 49, 50, 51, 52. Ile ya Beulah inalala kuelekea magharibi, inakata ya kusimama: 92, 91, 90, na kuendelea hadi 86. Binamu aliweka ncha ya penseli Beulah, akahesabu kwa sauti ya chini. Kisha alifanya jambo ambalo nililiona likifanyika katika kila meza iliyokuwa ikiongoza: akarudi Llanwrtyd na kuihesabu njia ile nyingine pia, ingawa jibu alikuwa nalo tayari.

"Kwa nini unaihesabu hiyo?" nikamuuliza. "Jibu si tumeshapata?"

"Tumepata njia inayofaa, kaka. Hatujathibitisha kwamba nyingine haifai."

Kauli hiyo ndiyo moyo wa mchezo wote. Swali la rali ya mezani hutungwa ili njia moja ibaki baada ya nyingine zote kuondolewa, na anayeridhika na ya kwanza kufaa hana hakika ya chochote. Mtunzi naye ana wajibu mzito kuliko mshindani. Lazima azipite barabara zote zinazowezekana, zikiwemo zile ambazo yeye mwenyewe asingezifikiria, na ahakikishe kwamba sentensi yake imezifunga zote isipokuwa moja. Mzee yule aliniambia kwamba kulitunga swali la dakika tano humchukua jioni nzima.

Kitendawili kinachoibeba fikra hii kwa ukamilifu ni kile cha mgongo wa samaki. Mtunzi huchukua njia yote, yenye kona, mizunguko na njia panda zake, akainyoosha iwe mstari mmoja. Kisha kwenye kila makutano anachora mwiba: upande wa kushoto kama kuna barabara unayoiacha kushoto, upande wa kulia kama unaiacha kulia. Haonyeshi dira wala umbali, na kona hazionekani. Njia yenyewe imebaki uti wa mgongo tu. Unaitambua kwa barabara usizozifuata. Ukiona miiba miwili mfululizo kushoto, kisha mmoja kulia, unazunguka ramani ukitafuta mahali ambapo mpangilio huo unatokea. Ukiupata, unaujaribu mwiba unaofuata, na unaofuata, hadi mstari wote ukubali au uvunjike.

Niliinamia mgongo wa samaki wa usiku ule kwa muda mrefu. Kila mwiba ulinilazimisha kuitazama barabara ambayo sikuwa na haja nayo: inakwenda wapi, inaishia kwenye shamba gani, inavuka mto au inaukwepa. Tulipofika mwisho wa mstari, nilikuwa nimeijua wilaya nzima kuzunguka njia yetu. Simu ya mkononi ingenipa njia ileile kwa sekunde moja, na sauti yake ingenifikisha. Lakini isingeniambia kwamba kulikuwa na nyingine, wala kwa nini hii ndiyo iliyochaguliwa. Mtu anayeijua njia anazijua na zile alizoziacha. Hapo ndipo anapoweza kuitwa mwenyeji, na hapo ndipo anapoweza kumsaidia mwenzake daraja likizolewa na mafuriko.

Kanuni nyingine ilinigusa kwa adabu yake. Karatasi ya maswali ilikuja na orodha ya maeneo yaliyofungwa kwa duara nyeusi. Katika rali ya kweli, duara hizo ni mahali ambapo mkazi ameomba magari yasipite: pengine kuna mgonjwa, mtoto mchanga, au farasi wanaoshtuka. Mezani hakuna mgonjwa wa kusumbuliwa, ila duara zinawekwa palepale na anayezigusa huadhibiwa. Barabara nyeupe nazo haziguswi mpaka mtunzi aziruhusu, kwa kuwa nyingi ni vichochoro vya nyumba za watu. Binti wa shule aliyekuwa meza ya jirani alizizungushia duara zote kwa penseli nyekundu kabla hata ya kusoma swali la kwanza. Anajifunza kusoma ramani na kuheshimu ua wa mtu kwa wakati mmoja.

Nikiwatazama waelekezi wale, nilikumbuka jinsi tulivyolelewa na rali sisi wa Afrika Mashariki. Coronation Safari ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliishinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Majina hayo wazee wetu wanayataja kama ya ndugu zao. Ila katika ushindi wa Shankland, kiti cha pembeni kilikuwa na Chris Rothwell. Mwaka 1974 na 1976 David Doig alikaa na Joginder. Na Mike Doughty ndiye aliyemsomea Mehta njia katika zile mara nne mfululizo. Hao nao wanastahili kutajwa. Kwenye vumbi na matope ya maelfu ya kilomita, dereva alikwenda kasi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemwambia kinachokuja.

Uhusiano wa kwetu na meza ile una mizizi mirefu zaidi. Kwenye karatasi 147, kaskazini mwa Abergwesyn, kuna kilele cha Drygarn Fawr chenye urefu wa mita 645 na alama ya pembetatu juu yake. Aliyebuni umbo la nguzo za zege zinazowakilishwa na pembetatu hizo ni Martin Hotine, ofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa Tanganyika, akiongoza kipande cha upimaji wa meridiani ya 30, mnyororo wa pembetatu uliokusudiwa kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Aliporudi kwao alikabidhiwa kazi ya kuipima Uingereza upya, kazi iliyoanza mwaka 1936, na nguzo zaidi ya 6,500 zikajengwa juu ya vilima. Mwaka 1946 aliwekwa kuongoza ofisi mpya ya kupima makoloni. Kutokana na picha zilizopigwa na ndege, ofisi hiyo ilichora karatasi za 1:50,000 za Tanganyika, Kenya na Uganda. Zilichorwa kwa matakwa ya watawala. Baada ya uhuru zimekuwa mali yetu, na lugha yake ni ileile ya karatasi niliyokuwa nimeikunjua Wales. Kilomita moja ni sentimita mbili, gridi ni ya kilomita moja moja, kontua zinasomeka vilevile.

Asubuhi iliyofuata tuliingia garini kwenda kuipita njia tuliyoifumbua. Binamu alishika usukani, mimi nikashika ramani.

Tuliacha A483 pale Beulah. Barabara ya njano ilikuwa nyembamba kama ilivyochorwa, ua wa miti umeinuka pande zote mbili, na magari mawili hayapishani mpaka moja lirudi nyuma hadi penye upenyo. Trekta lilitokea mbele yetu. Binamu alirudi nyuma bila haraka, mkulima akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani wake kumshukuru. Mtandao wa simu ulikuwa umeshakatika. Nilikuwa nikisoma kwa sauti, naye akinijibu kwa neno moja.

"Kulia inakuja nyeupe, tuiache. Halafu tunashuka."

"Ndiyo."

"Mto mbele. Daraja, halafu njia panda ya Abergwesyn. Tunashika ya kwenda Tregaron."

"Ndiyo. Nipe inayofuata."

Kila nilichokisema kilitokea. Nilikuwa nimezihesabu barabara zile kwa penseli usiku, nikaacha moja kushoto na moja kulia, na sasa ziliibuka mbele ya kioo kwa mpangilio uleule, kila moja na geti lake na kibao cha shamba lake. Nilizitambua zile tusizozifuata kama nilivyoitambua yetu. Furaha ya jambo hilo ni ya pekee: mahali pageni panakupokea kwa sababu umefanya kazi ya kupajua kabla hujafika.

Kupita Abergwesyn, barabara inaufuata Irfon kwenye bonde linalobana. Kwenye ramani niliona kingo za barabara zikigeuka kutoka mstari mzima kuwa vidotidoti, nikamwambia binamu, "Ua unaishia hapa." Tukavuka chuma cha kuzuia mifugo, ua ukaisha, na kondoo watatu walikuwa wamelala katikati ya lami yenye joto la jua. Akasimama. Walituangalia, wakanyanyuka mmoja mmoja, wakasogea. Vidotidoti kwenye karatasi ndivyo vilivyomfanya apunguze mwendo kabla ya kona.

Kisha tukafika mahali penye mishale miwili. Wenyeji wanapaita Ngazi ya Ibilisi. Barabara inapanda ukingo wa bonde kwa kona za kujikunja, kali kiasi kwamba kutoka kiti changu niliiona lami ya mbele ikiwa juu ya paa la gari. Kwenye karatasi kontua zilikuwa zimebanana hadi rangi ya kahawia ikafunika karibu kila kitu kingine. Binamu aliweka gia ya kwanza na kupanda polepole. Juu kulifunguka nyika ya majani makavu na upepo, bila nyumba hata moja.

Njia hii ni ya wachungaji. Kwa karne nyingi, kabla ya reli, ng'ombe wa magharibi ya Wales walikusanywa Tregaron, wakapigiliwa viatu vya chuma kwenye kwato, wakaswagwa kuvuka mlima huu hadi Abergwesyn na kuendelea hadi kwenye masoko ya England. Mtu aliyewahi kuona ng'ombe wakiswagwa kutoka Simanjiro hadi mnadani anaweza kuwawazia wanaume wale, mvua na mbwa wao. Reli za karne ya 19 ziliimaliza biashara hiyo. Barabara ikabaki, na waandaaji wa rali wakaipenda kwa sababu zilezile zilizowafaa wachungaji: inapita ardhi ya wazi, mbali na makazi.

Kuna mambo ambayo karatasi haikuyajua. Mahali ilipoonyesha msitu wa misonobari, tulikuta kilima kimekatwa miti yote na kubaki visiki vya kijivu. Nyumba moja iliyochorwa kwenye karatasi ilikuwa imepoteza paa. Nilizitia alama tofauti hizo kwa penseli, kwani hivyo ndivyo karatasi inavyoendelea kuwa hai mikononi mwa anayeitumia. Kushoto ilitokea njia panda ya kwenda ziwa la Llyn Brianne, lililotengenezwa kwa bwawa la mawe lililokamilika mwaka 1972. Ilikuwa mwiba kwenye mgongo wetu wa samaki. Tukaiacha, tukashuka Tregaron kwa chakula cha mchana, na ramani ikawa katikati ya sahani zetu.

Hapo mezani tuliongea kuhusu nyumbani. Kila mwanafunzi wa sekondari aliyesoma Jiografia Tanzania au Kenya amewahi kukaa mbele ya kipande cha ramani ya 1:50,000 kwenye mtihani. Ameulizwa apime umbali, achore mkato wa mlima, aeleze mpangilio wa makazi. Anajibu, anapata alama, na wengi hawaikunjui ramani tena maishani. Ujuzi upo, tumeulipia kwa miaka ya masomo, kisha tunauacha kwenye chumba cha mtihani. Binamu alisoma shule ya kata, na alikuwa akizipenda ramani tangu kidato cha pili. Ilibidi avuke bahari ndipo akutane na watu wanaozichezea kwa furaha.

Sioni sababu ya jambo hili kubaki huko. Rali ya magari inahitaji fedha nyingi. Ya mezani inahitaji karatasi, penseli na mtu mmoja mwenye subira ya kutunga. Karatasi zinapatikana kwenye Idara ya Upimaji na Ramani kwa Tanzania, na kwa Kenya zipo Survey of Kenya, Ruaraka. Nyingi zina umri mkubwa, na barabara mpya hazimo. Hilo nalo ni somo: wanafunzi wakiifumbua njia darasani kisha wakaitembea Jumamosi, watarudi na orodha ya shule, visima na madaraja ambayo ramani haina, na kijiji chao kitakuwa na kumbukumbu bora kuliko ile kiliyokuwa nayo. Vijana wa bodaboda, wanaojua kila kichochoro kwa kukipita, wangekuwa watunzi hodari, maana wao wanazijua hata njia za kuacha mvua ikinyesha.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, kazi ya kwanza ni ndogo. Chukua karatasi ya wilaya yako. Chagua vijiji viwili vilivyounganishwa na barabara zaidi ya moja. Zihesabu barabara zote, na namba za urefu, mito na mistari ya gridi ambayo kila moja inaikata. Kisha tunga sentensi moja inayoikubali barabara moja na kuzikataa zilizobaki. Zizungushie duara zahanati na nyumba zenye msiba, uwaambie wanafunzi hapo hapapitwi. Wakishakuletea jibu, wasiruhusiwe kukaa kabla hawajakuonyesha kwa nini kila njia nyingine haifai.